Fundi wa Kiu

Ukipita Tanga, Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Januari, kaskazi imekolea na nyasi zimekauka, utakuta bogenvilia ndiyo kwanza imepamba moto. Zambarau, chungwa, waridi, nyeupe, damu ya mzee: rangi zinafurika juu ya kuta za nyumba, zinaning'inia kwenye mageti, zinafunika mabati ya gereji. Mimea mingine imenywea. Mpita njia huona huo ni ukarimu wa nchi ya joto tu, kwamba ua hili hujiotea lenyewe na halimdai mtu kitu. Mimi nasema linadai, tena linadai sana. Nyuma ya kila kichaka kilichochanua vile pana mtu anayeijua kazi yake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuuzuia mkono.

Lisogelee ua moja. Hicho chenye rangi ni majani matatu mepesi yaliyokutana chini. Mishipa yake inaonekana dhahiri, na ukiyapapasa ni makavu kidogo, kwa sababu ni majani kweli. Maua yenyewe yamo katikati: vijibomba vitatu vyembamba, kila kimoja kimegandamana na mshipa mkuu wa jani lake, na mdomoni kimefunguka kinyota cheupe, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Vinyota hunyauka mapema, majani ya rangi hubaki, ndiyo maana kichaka hukaa wiki nyingi kikiwa kimevaa. Rangi hiyo hutokana na betalaini, jamii ileile ya rangi iliyomo kwenye bitiruti, nayo hukolea pale jua linapopiga sawasawa. Panda bogenvilia chini ya mwembe, utavuna majani mabichi na miiba. Inataka jua lisilo na kizuizi, saa sita kwa siku au zaidi.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Iliingia kwenye vitabu vya wataalamu wa mimea kutokana na safari ya Louis-Antoine de Bougainville, Mfaransa aliyeizunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Mtaalamu wa mimea wa safari hiyo, Philibert Commerson, aliikuta Rio de Janeiro mwaka 1767, ikaitwa kwa jina la mkuu wa msafara. Lakini Commerson alikuwa mgonjwa wa mguu. Kupanda vilima, kukata matawi na kubeba mizigo ya mimea kulimwangukia zaidi msaidizi wake, Jeanne Baret, mwanamke aliyejivika mavazi ya kiume kwa sababu jeshi la majini la Ufaransa halikuruhusu wanawake merikebuni. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mkuu wa msafara alipata ua. Baret alingoja hadi 2012 kupata mmea unaodumu na jina lake, wa jamii ya nyanya na mnavu. Namtaja kwa makusudi, kwa kuwa tangu hapo bogenvilia imetembea duniani mikononi mwa watu wa aina yake, wafanyakazi wenye udongo kwenye kucha ambao hakuna aliyewaandika.

Wa kwetu wako kandokando ya barabara. Chini ya mti wenye kivuli chepesi, kwenye kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekipimia kiwanja, viriba vimepangwa mistari mistari, pembeni rundo la samadi, mchanga, pipa la maji, na mtu amekalia ndoo iliyopinduliwa. Kwenye kitalu kimoja cha namna hiyo nilimsikia mama mmoja akimletea mzee malalamiko.

“Shikamoo, mzee. Ile bogenvilia uliyoniuzia haitoi maua. Majani tu.”

“Marahaba, mwanangu. Unaimwagilia?”

“Kila siku, asubuhi na jioni. Na samadi naiwekea.”

“Basi iache ione kiu.”

Mama alicheka, akidhani anataniwa. Mzee hakuwa na utani. Akamweleza: usiipe maji mpaka majani yaanze kulegea, hapo inyweshe maji mengi kwa mara moja, kisha iache tena. Wiki tatu nne fanya hivyo. Samadi simamisha kabisa. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na sijui mahali usemi huo unapofaa kuliko kwenye shina la bogenvilia.

Mzee alikuwa sahihi. Katika nchi zilizo mbali na ikweta, mmea huu huyajua majira kwa urefu wa usiku: michana ikifupika, unachanua. Kwetu ishara hiyo ni hafifu mno. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki saa moja. Ishara inayobaki ni ukame. Maji yakiwa tele, na naitrojeni ya samadi ikiwa tele, bogenvilia hurefusha machipukizi yenye miiba, ikatanda na kuparamia kila kilicho karibu. Maji yakipungua, inaacha kurefuka na nguvu zake zinageukia maua. Ndiyo maana masika humpa mtu kichaka cha kijani, na kiangazi kikampa rangi. Anayemwagilia kila jioni kwa bomba, pamoja na mapenzi yake yote, anaifuta ile ishara kabla mmea haujaisoma.

Hapa ndipo ufundi ulipo, maana kunyima bila kipimo ni kuua. Jani lililolegea saa nane mchana likasimama tena jioni bado lina akiba. Jani lililolegea na alfajiri likakutwa vilevile, hilo linaomba maji leo, wala si kesho. Ukichelewa, rangi yote inapukutika chini kwa siku moja. Mmea wa kwenye chungu unafikia hali hiyo haraka kuliko wa ardhini, na chungu kidogo hufanya vizuri kuliko kikubwa, kwa sababu mizizi iliyobanwa husaidia kuchanua. Kwenye viwanja vya pwani vyenye mawe ya matumbawe, majani machanga huweza kuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Asiyejua ataongeza maji. Ajuaye atachanganya mboji kwenye udongo, maana chokaa ndiyo inayouzuia mmea kuyapata madini ya chuma. Mambo haya hayakai kichwani kwa kusikia mara moja. Yanataka macho yanayopita palepale kila asubuhi.

Tazama sasa jinsi mche unavyopatikana. Fundi huchagua tawi lililokomaa, unene wa penseli, akakata pingili ya urefu wa sentimita 15 hadi 20. Chini hukata mshazari, chini kidogo ya kifundo. Juu hukata bapa, ili asije akapanda kichwa chini. Majani yote huyatoa. Pingili huizamisha kwenye mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, akaifunika kwa nailoni na kuiweka kivulini. Baada ya muda mfupi machipukizi mabichi hujitokeza, na mgeni wa kazi hii husherehekea. Fundi hasherehekei. Anajua kwamba yale majani yanakula akiba iliyomo kwenye mti wenyewe, na kwamba huko chini huenda hakuna hata mzizi mmoja. Atangoja miezi miwili, pengine mitatu, bila kuivuta kuichungulia. Na siku ya kuhamisha, kiriba hukichana kwa wembe, akaushika udongo wote kwa viganja viwili, kwa kuwa mizizi ya bogenvilia ni myembamba na hukatika kwa kutikiswa tu.

Aina nyingi zinazopandwa majumbani ni chotara na hazitoi mbegu ila kwa nadra. Maana yake ni kwamba kichaka kilichoko ukutani kwako ni kipande cha kichaka kingine, kilichokatwa kutoka kingine, nyuma na nyuma, kila mara na mkono wa mtu. Ile nyekundu iitwayo Mrs Butt ilipatikana bustanini huko Cartagena, Kolombia, mwanzoni mwa karne ya 20, ikachukuliwa Trinidad na kutoka hapo ikaenea. Baadaye, India, tawi la Mrs Butt likajibadilisha lenyewe: likatoa nyeupe na waridi pamoja, kwenye mti mmoja. Aliyekuwapo angeweza kulifyeka akadhani ni ugonjwa. Badala yake lilikatwa pingili, likaoteshwa, likaitwa Mary Palmer, na leo utaona vichaka vyake vyenye rangi mbili katika miji mingi ya joto. Matukio kama hayo ndiyo yaliyoleta nyingi katika aina tunazozipenda, na kila mojawapo lilihitaji jicho lililoona kwamba tawi moja kati ya mamia limebadilika. Siku hizi mafundi wengine hubebesha vikonyo vya rangi tatu nne juu ya shina moja. Inapendeza, na wateja huigombea, ingawa mimi moyo wangu uko kwa yule aliyeona tawi la ajabu na akalizuia panga lake.

Kinachonisikitisha ni jinsi miji yetu inavyoutumia ufundi huu nusunusu. Miche hununuliwa kwa mamia kutoka vitaluni, ikapandwa kwenye vipilefti na kati ya njia mbili za barabara, kisha wanaletwa vibarua wenye mapanga ambao hakuna aliyewaambia kwamba bogenvilia hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Wanafyeka kila kichaka kiwe mviringo safi, wakati wowote, mara nyingi siku chache kabla ya kuchanua, na gari la maji linapita hata mwezi ambao kiu ndiyo dawa. Vichaka vinabaki kijani mwaka mzima na watu wanalaumu mbegu mbaya. Wanaotoa zabuni za kupendezesha barabara wangeongeza sharti moja, kwamba anayeshika mkasi awe ametoka kitaluni. Angepogoa mwezi wa Machi, maua ya kaskazi yakishapukutika na masika yanabisha hodi, ili mvua ikuze machipukizi na kiangazi cha Juni kiyakute yamekomaa. Na pingili zinazoanguka asingeziacha zichomwe na takataka. Kipilefti kimoja kikipogolewa vizuri kinatosha kuzaa miche ya barabara nzima.