Fundi wa Boti wa Pwani ya Samia

Ukitoka mji wa Busia kushuka Ziwa Victoria, upande wa Kenya utafika Sio Port, na upande wa Uganda utafika Majanji. Mto Sio unagawa nchi mbili, lakini Wasamia wako ng'ambo zote mbili, na boti wanazovulia ni za ukoo mmoja. Hadi 1997 Majanji ilihesabiwa katika wilaya ya Tororo, ambayo wengi wanaijua kwa mwamba wake na saruji. Nani angewaza kwamba huko nako kuna waunda vyombo?

Asili ya boti hizi ni visiwa vya Ssese. Mbao zilishonwa kwa nyuzi za mwale, bila msumari hata mmoja, na mkuku ulitokeza mbele ya gubeti kama pembe. Msafiri Stanley alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1875, alikuta mitumbwi ya namna hiyo ikiwa jeshi la majini kamili. Baadaye misumari ikashika nafasi ya nyuzi. Ilipokuja injini ya kufungwa nyuma, mafundi wakakata shetri ikawa bapa. Mhandisi hakuitwa, umbo lilirekebishwa papo hapo mchangani na watu walioelewa kwa nini lilikuwa vile tangu mwanzo.

Mimi humsifu fundi huyu hasa kwa kalafati. Mbao mbili hata zikipigwa randa vipi, hubaki uwazi kati yake. Fundi husokota pamba kidoleni, akaisukuma kwenye uwazi huo kwa patasi butu, nyundo ikigonga polepole. Akizidisha, pamba itazisukuma mbao zenyewe ziachane. Akipunguza, wavuvi watafua maji usiku kucha badala ya kuvuta nyavu. Juu ya mshono hupigilia ukanda wa bati, mara nyingi bati la debe kuukuu. Kisha hupitisha kiganja mshono mzima, taratibu, na akisimama mahali, mwanafunzi wake hajiulizi, anachukua nyundo.

Boti ikishaingia majini huanza kuzeeka, na fundi aliunda akilijua hilo. Misumari ya chuma hushika kutu na kuozesha ubao unaoizunguka. Ubao unaolowa na kukauka kila siku, pale mstari wa maji unapogusa ubavu, huchakaa mapema. Boti ikiachwa juani, mbao husinyaa na mishono hufunguka. Ndiyo maana utaona boti iliyopumzishwa imeachiwa maji ndani makusudi. Mgeni hudhani imetelekezwa. Kazi nzuri ni ile inayokubali kufunguliwa: ubao mmoja utolewe, mwingine uingie, mataruma yabaki salama. Boti iliyoundwa hivyo inaweza kubadilishwa ubavu mzima na bado wenyewe wakaiita kwa jina lile lile. Mvule ndio uliokuwa ukitegemewa, na umeadimika, kwa hiyo fundi wa leo anavumilia mbao dhaifu ambazo babu yake angezitupa jikoni. Sioni haki kumlaumu yeye boti isipodumu.

Kisha kuna parachuti. Hicho ni kiboti cha mbao tatu, chini bapa, bei nafuu, kinachopinduka ziwa likichafuka kidogo. Siwezi kukisifia. Uganda imekipiga marufuku, na mwaka 2017, jeshi lilipokabidhiwa ulinzi wa uvuvi, lilianza kusimamia kwa nguvu kanuni kwamba boti isiyotimiza futi 28 isivue. Nyingi zilichomwa moto ufukweni. Nia ilikuwa kunusuru sangara wachanga na wavuvi wenyewe, na kuhusu parachuti sina ubishi. Ila urefu peke yake hausemi mengi. Boti ya futi 30 yenye misumari iliyolika na pamba ya kubabaisha itazama mapema kuliko ya futi 25 iliyotoka mkononi mwa mtu anayejua kazi.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wanaotunga kanuni za ziwa, Kampala na Nairobi. Mkija ufukweni na futikamba, njooni pia na fundi wa hapo hapo. Awaonyeshe mkuku, misumari na mishono kabla hamjaamua boti ipi iende majini na ipi ichomwe.