Scyld Scefing, babu asiyejulikana alikotoka

Utenzi wa Beowulf, wa Kiingereza cha kale, uko na mistari 3182. Wasomaji wengi wanakimbilia mazimwi. Wanaruka mwanzo, na mwanzo ndio unamleta Scyld Scefing, babu wa wafalme wa Denmark. Kwa maoni yangu, wanaruka sehemu nzuri.

Scyld alifika mtoto, peke yake kutoka baharini, bila kitu. Akakua, akanyang’anya majirani viti vyao vya karamu, yaani heshima yao, mpaka wote wakamlipa kodi. Alipokufa, watu wake wakamlaza ndani ya merikebu, karibu na mlingoti, pamoja na silaha na mali nyingi, wakamwachia bahari. Mshairi anasema mali hiyo haikupungua ile aliyopewa na wale waliomtuma utotoni. Kumbe wale hawakumpa hata kitu! Ni kejeli ya chini chini. Halafu anasema hakuna anayejua ni nani aliyepokea mzigo ule.

Nilipowasimulia wanafunzi wangu, mmoja akauliza: “Sasa mwalimu, baba yake ni nani?”

Swali hilo liliwasumbua wakubwa pia. Scefing inaweza kumaanisha “mwana wa Sceaf”, na sceaf ni mganda wa nafaka; scyld ni ngao. Mwishoni mwa karne ya 10 Æthelweard, mtu wa jamaa ya kifalme ya Wessex, aliandika kwamba aliyefika na chombo ni Scef mwenyewe, amezungukwa na silaha, na kwamba mfalme Æthelwulf ni wa uzao wake. Karne ya 12 William wa Malmesbury akamwekea mtoto mganda kichwani pake. Tena nakala zingine za Tarikh ya Anglo-Saxon, kwenye mwaka 855, zinasema Sceaf alizaliwa katika safina ya Nuhu. Tufungue Mwanzo: wana wa Nuhu ni watatu tu, na wote waliingia safinani wakiwa na wake zao.

Hao walikuwa wanatafutia kiti cha enzi mizizi. Mshairi yeye aliacha pengo wazi: watu walikuwa wanateseka bila mkubwa, na asiye na baba akawa baba yao. Namsifu kwa hilo, ingawa ukarimu wa mfalme wake unatoka katika mali ya kunyang’anya, na hilo halimsumbui.

Kitu kimoja kinachanganya. Mswada pekee tulio nao, uliookoka moto wa 1731, unamwita mwana wa Scyld Beowulf, na si yule shujaa. Wataalamu wengi wanaona mnakili alikosea: jina lilikuwa Beow, yaani shayiri. Basi baada ya ngao, nafaka imerudi.