Migunga Hugawana Nyuki kwa Saa

Kutoka Magu kuelekea lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, migunga ya aina tofauti husimama bega kwa bega na mara nyingine huchanua pamoja. Kwa nyuki hiyo ni karamu. Kwa mti ni hatari. Chavua ya mgunga haitoki punje mojamoja. Hufungwa katika vibunda, mara nyingi punje 16 kwa kimoja, na stigma, ile ncha ya ua inayoipokea, kwa kawaida hutosha kibunda kimoja tu. Nyuki akitoka mgunga wa aina nyingine, nafasi hiyo imezibwa bure.

Mkomazi, ilipokuwa bado pori la akiba, watafiti Graham Stone na Pat Willmer walikwenda kuona miti inavyojinusuru. Kuorodhesha wadudu wa kila ua kusingetosha. Waliandika pia saa ambayo vifuko vya chavua hupasuka, wakailinganisha na saa za wageni. Miti ya aina moja ilitoa chavua kwa pamoja, na aina zinazochanua wakati mmoja zilipishana saa. Nyuki hufuata chavua mbichi, kwa hiyo walewale walihama aina hadi aina kadiri jua lilivyopanda.

Je, si bahati tu? Hapo ndipo kazi yao ya 1996, wakiwa na Sean Nee, inaponishawishi: walipima nafasi kati ya saa hizo wakakuta zimepangana kwa usawa kuliko ambavyo bahati ingeleta.

Atakayerudia kipimo hiki huku kando ya Ziwa Victoria asibebe saa peke yake. Vifuko hupasuka vikikauka, na hewa ya asubuhi huku ina unyevu. Achukue na kipima unyevu, kisha atazame mfuatano wa aina kuliko saa kamili.

Mpangilio huu wa saa unahusu pia hifadhi ya miti. Tangu mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) uanze mwaka 1986, ngitili nyingi za Usukumani, yaani malisho yanayotengwa yapate kuota tena, zimefufuka, na sifa ya mradi huo hutajwa kwa hekta. Kipimo hicho hakimwoni nyuki. Ngitili yenye aina moja ya mgunga humpa chavua ya mgunga kwa saa chache tu za siku. Wanakamati wa ngitili, mnapopunguza miti, bakizeni aina nyingi.