Singeli Inavyopikwa: Hesabu Iliyo Nyuma ya Spidi

Anayesikia singeli, muziki wa mitaa ya Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza hulalamikia spidi. Hip hop ya kawaida hutembea kwenye mapigo 80 hadi 100 kwa dakika, na Bongo Fleva nyingi hukaa jirani na hapo au juu kidogo. Singeli huanzia kwenye 200 hivi, na zipo zinazogonga 300. Malalamiko hayo yana haki yake, ila yanaishia mlangoni. Kuongeza spidi ni kazi ya sekunde mbili, na mtu yeyote mwenye kompyuta anaiweza. Kibarua kigumu cha prodyuza wa singeli ni kuamua nini kitolewe ndani ya biti ili spidi hiyo iweze kuchezeka na maneno yaweze kusikika.

Ubunifu huo haukutoka hewani. Miaka ya tisini, uswahilini Dar es Salaam, muziki wa mchiriku ulikuwa tayari umeonyesha kwamba vifaa hafifu havizuii muziki kuchangamka. Vikundi vilitumia vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vya tarumbeta, vile vya matangazo ya barabarani, na mlio ukatoka umekwaruzwa. Wapigaji hawakuufuta mkwaruzo ule, waliupenda. Anayetaka kuusikia atafute Bongo Hotheads, albamu ya kundi la Jagwa Music iliyotolewa mwaka 2012 na lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Kinanda chake kimoja kinafanya kazi ya bendi nzima, na ngoma za nyuma yake hazipumziki.

Kisha vikaja vigodoro, sherehe za mtaani za usiku kucha, zilizofungua spika hadi majirani wakakosa usingizi na viongozi wa mtaa wakaanza kuzipiga marufuku. Hapo ndipo DJ alipochukua nafasi ya bendi. Akiwa na kompyuta moja na lundo la nyimbo za taarabu ya kisasa, alikata kipande kifupi kisicho na mwimbaji, aghalabu utangulizi wa kinanda, akakirudisha mwanzo kila kinapokwisha, halafu akakikimbiza. Juu ya lupu hiyo MC alisimama na kughani. Mtambo ulikuwa huo tu, na kwa sehemu kubwa ndio huo hadi leo.

Kukimbiza lupu kwa kiwango hicho kusingewezekana enzi ya sahani za santuri. Mashine ya Technics SL-1200, iliyotawala kumbi za disko duniani kote, iliruhusu kuongeza au kupunguza spidi kwa asilimia 8 tu. Wimbo wa mapigo 120 ungeishia 130 hivi, na DJ hapo amefika ukutani. Programu kama Virtual DJ haina ukuta huo. Kitelezi chake cha spidi kinaweza kupangwa kifike asilimia 100, yaani wimbo ukimbie mara mbili. Kutoka 120 hadi 200 ni ongezeko la asilimia 67 hivi, kwa hiyo bado kuna nafasi ya kusogea. Kwa maana hiyo singeli ni mtoto wa kompyuta ya mtumba na programu ya bure au ya kunakiliwa, na ni vigumu kuwaza ingezaliwa vipi kabla ya hapo.

Spidi ikipanda, sauti nayo hupanda. Wimbo uliokuwa 120 ukipelekwa 200 bila kuzuiwa hupaa karibu nusu toni 9, yaani robo tatu ya oktava. Sauti ya mwanamume iliyokuwa hezi 150 inatoka kwenye 250, na kinanda kilichokuwa kikilia kwa huzuni kinaanza kucheka. Programu ina kitufe cha kuzuia hilo, ili spidi ibadilike na ufunguo wa wimbo ubaki pale pale. Wengi hawakigusi. Wanaokitumia hupata kasoro nyingine: programu inalazimika kuikatakata sauti vipande vidogo vidogo na kuibana, na kwa mbano mkubwa namna hiyo unasikia mtetemo kama wa kuku aliyeshtuliwa. Singeli imezigeuza kasoro zote mbili kuwa rangi zake. Milio ile myembamba, ya juu, inayojirudiarudia bila huruma, ambayo mgeni huiona kelele, ndiyo utambulisho wa muziki wenyewe.

Tatizo halisi linajitokeza chini, kwenye besi. Mlio wa hezi 50, ambao spika kubwa huutoa na kifua kikaupokea, huhitaji sekunde 0.02 kukamilisha wimbi moja. Kwenye hip hop ya mapigo 90, pigo moja lina nafasi ya mawimbi 33 ya namna hiyo, na besi ndefu inaweza kujinyoosha itakavyo. Kwenye singeli ya 200, pigo moja linabeba mawimbi 15. Ukiligawa pigo hilo mara nne, kila robo inapata mawimbi yasiyofika manne. Besi haina muda wa kujitambulisha kabla nyingine haijaikanyaga, na matokeo yake ni tope. Ndiyo maana kiki za singeli, yaani mapigo ya ngoma kubwa, huwa fupi na kavu, na uzito wa wimbo huhamishiwa kwenye sauti za kati: makofi, vibao vya ngoma, kinanda. Na spika za kigodoro nazo, nyingi zikiwa za kukodi na zimeshapigwa miaka, hupiga kelele vizuri zaidi kwenye sauti hizo za kati kuliko kwenye besi ya chini kabisa. Prodyuza anayejua mteja wake ni nani hapiki biti kwa ajili ya vipokea sauti vya studio.

Kuna mpaka mwingine wa ajabu zaidi. Kwenye mapigo 300, pigo likigawanywa mara nne, milio 20 inapita kila sekunde. Hezi 20 ndiyo sauti ya chini kabisa ambayo sikio la binadamu kwa kawaida huanza kuisikia kama mlio mmoja unaoendelea. Kwa maneno mengine, prodyuza akijaza kila robo ya pigo kwa spidi hiyo, ngoma zinaacha kuwa ngoma na kuanza kuwa mvumo. Sikiliza kwa makini nyimbo zenye spidi ya juu kabisa utakuta ngoma haijazwi hivyo isipokuwa kwa vipindi vifupi, kama mlipuko wa kuamsha watu. Sehemu kubwa ya wimbo imeachwa na matundu ya makusudi.

Matundu hayo ndiyo yanayomwokoa mchezaji. Hakuna kiuno kinachozungushwa mara 200 kwa dakika usiku kucha. Mwili hujitafutia nusu yake, unacheza kwenye 100 wakati masikio yanapokea 200, na prodyuza mzuri humsaidia kwa kuweka kofi au kiki nzito kwenye pigo moja na kuliruka linalofuata. Kwa hiyo ndani ya singeli moja kuna miziki miwili inayotembea pamoja, mmoja wa miguu na mwingine wa moyo kwenda mbio. Biti zinazochosha mapema ni zile ambazo aliyezitengeneza alisahau ule wa miguu.

MC naye ana hesabu zake, na hapa Kiswahili chenyewe kinamsaidia. Baa moja ya mapigo manne kwenye spidi ya 200 huchukua sekunde 1.2. Akitamka mizani mbili kwa kila pigo, baa inameza mizani 8, na mshororo mzima wa shairi la mizani 16 unakaa kwenye baa mbili, sekunde 2.4. Hiyo ni karibu mizani 7 kwa sekunde, kasi ya mpiga debe wa daladala aliyechangamka. Inasikika, inaeleweka, na kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia na irabu, ulimi haukwami. Pandisha biti hadi 300 na kanuni ile ile inadai mizani 10 kwa sekunde. Hapo maneno yanaanza kusagika. MC ana njia mbili: apunguze hadi mizani moja kwa pigo, au anyamaze na kumwachia prodyuza uwanja. Hivyo si ajabu kwamba singeli zilizopanda redioni na kushika mitaa yote, kama Hainaga Ushemeji ya Man Fongo, si zile za spidi ya kupindukia. Wimbo unaobebwa na maneno hauwezi kukimbia kuliko mdomo.

Mgawanyo huo wa prodyuza na MC unaonekana wazi zaidi ukifuata njia ya singeli kutoka Mburahati, Dar es Salaam, hadi nje ya nchi. Studio ya Sisso ya huko ilikuwa kiwanda cha mtaani, chenye maprodyuza wanaotoa biti moja baada ya nyingine. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilikusanya kazi zao kwenye Sounds of Sisso, na ghafla majarida ya muziki ya Ulaya yakaanza kuandika jina la Dar es Salaam. Bamba Pana akafuata na Poaa mwaka 2018, kisha mwaka 2019 zikatoka Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke. Kwenye Poaa zimo kazi zilizobaki na majina kama Biti Three na Biti Six, jambo linaloonyesha jinsi zilivyozaliwa: ni biti zilizokuwa zikisubiri MC aje azichukue.

Wengine hawakusubiri. DJ Travella, kijana wa kizazi kilichoikuta singeli tayari inapigwa mtaani, alitoa Mr Mixondo mwaka 2022 na kuuweka muziki wenyewe mbele bila mghani. Kiufundi ni kazi ya kushangaza. Anakata, anageuza, anachomeka mlio wa kidijitali pale ulipotarajia ngoma, na kila baada ya baa chache anabadilisha kitu kabla sikio halijazoea. Msikilizaji wa Berlin asiyejua neno la Kiswahili hapotezi chochote humo. Wa Manzese anapoteza mengi, kwa sababu kwake singeli bila MC ni sherehe isiyo na msema chochote: hakuna wa kumtania mwenye nyumba, hakuna wa kutaja mtaa, hakuna wa kusema yale ya ushemeji na kodi ya pango.

Wanaosema soko la nje limeiharibu singeli wanatia chumvi. Waliokwenda kupiga Ulaya walirudi, na vigodoro havikuacha kupigwa. Ila kilichochaguliwa kusafirishwa zaidi ni upande wa prodyuza, na upande wa MC ulibaki nyumbani ukikuzwa na redio kama EFM na kuvutia hata wakongwe wa Bongo Fleva. Profesa Jay alipomwalika mwimbaji wa singeli Sholo Mwamba kwenye wimbo wa Kazi Kazi, hakumwita kwa sababu ya spidi. Alimwita kwa mdomo wake.

Kwa anayetaka kuanza kusikiliza, hukumu ya safu hii ni hii: Mr Mixondo ni kazi yenye ufundi mwingi zaidi wa kompyuta, lakini Sounds of Sisso ndiyo singeli iliyokamilika, kwa sababu humo prodyuza bado anamwachia MC nafasi ya kupumua. Aanze na hiyo, na asiisikilizie kwenye simu. Atafute spika.