Siku tatu za Malindi: wikendi ndefu iliyopangwa kwa mwezi

Siku ya Mashujaa ya mwaka 2024 iliangukia Jumapili, tarehe 20 Oktoba, kwa hiyo Jumatatu nayo ikawa mapumziko. Familia kadhaa za hapa Adu zilikuwa zimechanga pesa kupitia chama chao, na azma yao ilikuwa moja: kukaa Malindi siku tatu, wale na watembee, pasipo faili la hospitali mkononi wala gunia la kuuza. Kwetu sisi wa bara ya Magarini, Malindi ni mji wa shughuli. Tunaingia asubuhi, tunamfuata daktari, karani au mnunuzi, kisha tunawahi gari la kurudi. Mgeni aliyetoka Italia huujua mji huo kwa ladha zake kuliko sisi majirani. Safari ile ilifana, na yafaa kuichambua, kwa kuwa kilichoifanikisha ni mpangilio, na mpangilio hufunzika.

Waliopanga hawakuanza na orodha ya mahali pa kwenda. Walianza na mambo manne ambayo mgeni hawezi kuyasogeza: maji ya bahari, jua la mchana, saa za jiko, na upepo. Hayo yaliwekwa kwanza kwenye karatasi, na mengine yote yakatafutiwa nafasi katikati yake.

Maji ndiyo yaliyotawala. Mwezi ulipevuka Alhamisi ya tarehe 17, na bamvua kubwa, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Katika pwani yetu, siku mwezi unapopevuka maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, kisha kupwa huchelewa kwa muda usiofika saa nzima kila siku. Kwa hesabu hiyo, Jumamosi yangepwa mnamo saa tano na kitu, na Jumapili karibu saa sita. Kwa hiyo bahari ilipewa Jumamosi, tena kabla ya jambo lolote lingine.

Gari liliondoka Adu alfajiri, likapita Marafa bila kusimama, likavuka mto Sabaki na kwenda moja kwa moja upande wa Casuarina, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Hifadhi hiyo na mwenzake wa Watamu zilitengwa mwaka 1968, na zinahesabiwa miongoni mwa za kwanza za aina hiyo Afrika. Ada zilikuwa zimelipwa kwa simu kabla ya safari, kwa sababu siku hizi lango halipokei pesa taslimu, na kutafuta mtandao ufukweni maji yakiwa yanapwa ni kupoteza bahari yenyewe. Saa ya kupwa ilikuwa na maana kubwa: maji yakiwa machache, matumbawe huwa karibu na uso wa bahari, mwanga huyafikia, na mtoto asiyejua kuogelea huwaona samaki kupitia kioo cha sakafu ya mashua.

Upepo nao ulihesabiwa. Sabaki humwaga matope mengi baharini, kaskazini tu ya mji. Kaskazi ikivuma, matope hayo husukumwa kusini kuelekea hifadhini. Kusi huyapeleka upande wa Ngomeni, lakini katikati ya mwaka huchafua bahari kwa mawimbi. Oktoba ni mwisho wa kusi: nguvu zake zimepungua, na kaskazi bado haijashika. Ndiyo maana maji yalikuwa maangavu.

Jua la mchana lilipewa kivuli na usingizi. Kutembea kukarudi alasiri, kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, ambako rasi hupata upepo wa bahari. Da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapokewa vizuri na mfalme wa mji aliyekuwa akishindana na Mombasa, na hapa ndipo alipopata rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Mnara ni wa mawe ya matumbawe ya hapa, na msalaba wa juu ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi mji wa kale wa Shela, ambako jiko la Kiswahili huamka jioni: mishikaki, viazi karai, samaki wa kupaka, sharubati ya ukwaju, kisha kahawa tungu na halwa. Aliyefika Shela adhuhuri akitafuta vyakula hivyo amefika saa ya wapishi kupumzika.

Jumapili ilikuwa ya magofu ya Gede, umbali wa kilomita zipatazo 16 kusini. Waliingia lango lilipofunguliwa, msitu ukiwa bado na ubaridi. Mwezi Julai mwaka huohuo UNESCO ilikuwa imeyaingiza magofu haya katika Urithi wa Dunia, na hiyo ilikuwa sababu tosha ya kuyapa asubuhi nzima. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, kuna msikiti mkuu, jumba la mfalme, na visima virefu ndani ya mawe. Humo vilipatikana vyombo vya kaure vya China. Mwongoza wageni alitakiwa aeleze mambo matatu tu: maji yalitoka wapi, uchafu ulikwenda wapi, na wageni walipokewa chumba gani. Maswali hayo yaliwafanya watoto waione Gede kama nyumba za watu waliopika, waliooga na waliofanya biashara.

Adhuhuri iliwakuta Dabaso, ukingoni mwa hori ya Mida, ambako wenyeji wana daraja la mbao linalopita kati ya mikoko na jiko lao wenyewe la kaa. Maji yalikuwa yamepwa, kwa hiyo ndege walikuwa matopeni wakila, na watu mezani wakila sambusa za kaa. Alasiri maji yaliporudi, mitumbwi ikaelea. Saa ileile iliyowanyima mtumbwi ndiyo iliyowapa ndege na kivuli.

Jumatatu asubuhi walizuru Nyumba ya Nguzo, jengo la miaka ya mwisho ya karne ya 19 ambalo sasa ni makumbusho, kisha soko. Mchana ukaachiwa jiko la Kiitaliano, na hapa pana jambo la karibu na nyumbani. Waitaliano walianza kuja kwa wingi baada ya kituo cha San Marco kujengwa Ngomeni, humuhumu Magarini, katika miaka ya 1960. Kutoka kwenye jukwaa lao la baharini ndiko setilaiti ya Uhuru ilikorushwa tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani kutumwa kuchunguza mionzi ya eksirei angani. Wahandisi walifuatwa na watalii, na watalii na wapishi. Piza ya Malindi huokwa katika tanuru la kuni lenye joto kali mno, dakika chache tu, jambo ambalo mwoka mkate wa mofa hahitaji kufundishwa. Tambi huja na kamba na kaa wa wavuvi wetu. Jiko hilo hupika mchana, hufunga, kisha hufungua usiku, kwa hiyo waliketi saa sita na nusu, kila meza ikaagiza sahani chache za kuonja pamoja, na aiskrimu ikafunga. Kuonja kwa pamoja kulipunguza gharama na kuongeza ladha.

Nyari, bonde la Marafa ambalo wageni huliita Hell's Kitchen, lilikuwa njiani tangu Jumamosi, lakini liliwekwa mwisho kwa makusudi. Mchana upepo haushuki bondeni na joto hutesa. Jioni, kuta zake nyekundu, za rangi ya chungwa na nyeupe hukolea jua linaposhuka. Walifika saa kumi na moja, wakalipa ada inayobaki kwa wenyeji, wakafika Adu usiku.

Mpango huu unaweza kurudiwa, mradi mwezi uangaliwe. Idd-el-Fitri huja na mwezi mwandamo, kwa hiyo daima ni bamvua, na kupwa ni asubuhi. Pasaka hufuata mwezi mpevu, lakini huenda ikachelewa hadi juma zima, kwa hiyo ipigwe hesabu kila mwaka. Jamhuri haifuati mwezi: mwaka 2025 iliangukia maji mafu, na maji mafu hupwa alasiri, wala hayapwi sana. Likizo ya namna hiyo ianze na Gede, bahari isubiri, na kaskazi ya Desemba iulizwe kwa manahodha kabla ya kulipa. Malindi iko karibu nasi kuliko ilivyo karibu na yeyote anayepanda ndege kuifuata. Chama kinachoweza kuchanga kwa ajili ya mabati kinaweza pia kuchanga kwa ajili ya siku tatu ambazo ndani yake watoto wa Adu wataujua mji wao kwa furaha.