Hearthstone: bahati ilitolewa mezani, ikarudi dukani

Anayejua kucheza wahedi wa sitini vijiweni hapa Mpwapwa huingia kwenye Hearthstone, mchezo wa karata wa mtandaoni, akiwa na mtaji wa kutosha. Kuhesabu karata zilizokwisha kutoka anajua, na kubana karata nzuri mpaka wakati wake anajua. Kinachomkwamisha ni kwamba kijiweni wote wanagawiwa kutoka fungu moja, ilhali huku kila mchezaji anakuja na fungu lake la karata 30 alilolipanga mwenyewe. Nusu ya mchezo huwa imeshachezwa kabla karata ya kwanza haijashuka.

Kampuni ya Blizzard ya Marekani ilitoa mchezo huu wa majoka na wachawi mwaka 2014, na mwaka uliofuata ukafika kwenye simu. Babu yake ni Magic: The Gathering, karata za karatasi zilizobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield na kutoka mwaka 1993. Katika Magic karata nyingi zina gharama, na gharama hulipwa kwa karata za ardhi zilizochanganywa humo humo katika fungu lako. Ukivuta ardhi tupu, huna askari wa kushusha. Ukiikosa, umeshika jeshi usiloweza kulilisha. Unaweza kufungwa hujacheza.

Wabunifu wa Hearthstone waliiondoa ardhi. Kila zamu unaongezewa fuwele moja ya kulipia karata: zamu ya kwanza 1, ya pili 2, mpaka zifike 10. Kwa anayeanza, uamuzi huu ndio mwalimu mwenyewe. Mwanzoni huna machaguo mengi, kwa hiyo hupotei. Mchezo unapanuka kadiri unavyouelewa. Anayecheza wa pili hufidiwa karata moja ya ziada na sarafu inayompa fuwele moja kwa zamu moja tu, na kujua lini aitumie ni ufundi kamili. Maandishi hayana Kiswahili, lakini namba zinasomeka: gharama juu kushoto, nguvu ya askari ya kushambulia chini kushoto, uhai wake chini kulia.

Uamuzi wa pili naupenda zaidi. Katika Magic, mpinzani anaweza kukudakia katikati ya zamu yako. Mtindo huo ungehamia simu, kila karata ingesubiri mtu wa pili ajibu kama ana neno, na kwa mtandao wa kusuasua mchezo usingekwisha. Katika Hearthstone zamu yako ni yako. Mwenye mtego huutega mapema kwa karata ya siri, na mitambo huufyatua yenyewe sharti likitimia. Hii ni kazi ya watu waliofikiria mashine kwanza, hawakunakili karatasi kuiweka kwenye kioo.

Dukani ndiko kwenye dosari. Pakiti ina karata 5, na huzijui mpaka umeshalipa. Usizozitaka unazisaga kuwa vumbi la kutengenezea nyingine. Karata ya kawaida ikisagwa hutoa vumbi 5. Kuitengeneza ni 40. Ya daraja la juu kabisa hutoa 400. Kuitengeneza ni 1600. Unapoteza nane kupata moja, au nne kupata moja. Bahati waliyoipunguza kwa ustadi mezani wameirudisha mahali inapogusa mfuko, na miongoni mwa wanaocheza wamo vijana.

Dhahabu ya mchezo hupatikana kwa kucheza, na pakiti moja ni dhahabu 100. Wewe unayeanza, tumia hiyo. Chagua shujaa mmoja wa kuongoza fungu lako, mzoee, na usisage karata yoyote wala kulipa hata shilingi kabla hujajua fungu lako linakosa nini.