Wimbo wa Neema na Nahodha wa Watumwa

Wimbo wa John Newton juu ya neema ya ajabu mwaujua. Huimbwa mazikoni, huimbwa arusini, hata watoto wadogo wauimba kabla hawajajua kusoma. Siku moja, tulipokwisha kuufundisha, mzee mmoja wa kanisa alituuliza, “Mwalimu, aliyeutunga si ndiye aliyekuwa akiuza watu? Basi aliacha lini?” Tulidhani jibu ni jepesi. Tulipozitafuta habari zake tukaona si jepesi hata kidogo.

Newton alizaliwa London mwaka 1725. Machi 1748 merikebu aliyopanda ilipigwa na dhoruba, maji yakaingia, naye akamlilia Mungu. Siku hiyo aliikumbuka kila mwaka hata uzeeni. Wengi huikomesha hadithi hapo: dhoruba, sala, mtu mpya. Walakini sivyo ilivyokuwa. Alirudi Afrika ya Magharibi, na tangu 1750 hata 1754 alisafiri mara tatu akiwa nahodha wa merikebu za watumwa. Juu ya sitaha alisali na kusoma Biblia. Chini yake watu walilala katika minyororo. Tena hakuacha kwa kushitakiwa na moyo, bali kwa kushikwa na ugonjwa wa ghafula. Akawa kasisi mwaka 1764. Kitabu chake cha kuushuhudia uovu wa biashara ile kilitoka 1788, miaka arobaini baada ya dhoruba.

Sasa tuutazame wimbo wenyewe. Aliutunga kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya kule Olney, tarehe 1 Januari 1773, akifuata sala ya Daudi katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza, mlango wa 17, pale mfalme anapostaajabu kwamba Bwana amemfikisha hapo alipo. (Sauti tuijuayo si yake; iliunganishwa na maneno huko Marekani mwaka 1835.) Tukivichambua vitenzi vyake kama tufanyavyo darasani, twaona jambo zuri mno: mwenye kuimba karibu hatendi neno. Ni mtu wa kutendewa. Neema ndiyo itendayo, toka mwanzo hata mwisho. Hii ndiyo nguvu ya wimbo, na tungo nyingi zenye maneno makubwa kuliko haya hazina nguvu hiyo.

Ila wimbo una mtu mmoja tu ndani yake. Hamna nafasi ya yule aliyeuzwa. Sisi tunaokaa karibu na pwani ambayo soko lake la watumwa, lile la Unguja, lilifungwa mwaka 1873, miaka mia kamili baada ya ibada ile ya Olney, hatuwezi kukosa kuliona pengo hilo.

Wako wasemao, “Mwaona? Neema pasipo bidii ya mtu haimgeuzi.” Sisi twaona kinyume. Bidii Newton alikuwa nayo tele. Aliacha matukano, alijifunza Kilatini safarini, aliwakusanya mabaharia wake kusali siku ya Jumapili. Na bidii hiyo yote ilimfanya nini? Mwuza watu mwenye adabu. Kwa maana mtu hushindana na dhambi aionayo, na ile kubwa hakuiona, ilimlazimu kufunuliwa. Mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1764, alikiri kwamba hawezi kujihesabu kuwa mwamini hasa wakati ule wa dhoruba, mpaka siku nyingi zilipopita.

Tulimweleza mzee haya yote, nasi tulikuwa tumejiridhisha sana. Alisikiliza hata mwisho, akanyamaza, kisha akasema, “Nimefahamu. Mungu alimvumilia nahodha. Na wale waliokuwa chini ya sitaha, miaka ile, walivumiliwa na nani?”

Hatujamjibu. Wimbo tungali twaufundisha, ila siku hizi twaanza kwa kuwahesabia watoto ile miaka arobaini, ndipo tuimbe.